Madogo, koti jeupe libaki bwenini

Jumamosi niliwaona mkishuka kwenye Hiace, makoti meupe yamepigwa pasi, stethoskopu shingoni, mnakwenda kupima watoto utepe wa mkono, ule wa kuonyesha nani ana utapiamlo. Stethoskopu ya nini, jamani? Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana hata mimi nililivaa lile koti wiki nzima, mpaka bibi mmoja akaninyooshea mguu nimtibu kidonda. Mwanafunzi wa mwaka wa pili! Sikiliza basi, kabla hamjatoka tena.

1. Anzeni kwa mtendaji, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Kaya msiingie bila WAJA, yaani mhudumu wa afya ya jamii wa pale.

2. Utepe ni mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea. Msiukaze. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na mkikaza mtampa rufaa mtoto aliyeshiba. Tena rangi haitangazwi. Mmoja wenu alipaza sauti "Nyekundu!" kama refa, na yule mama akajivuta kanga usoni mbele ya wenzake wote. Unadhani mwezi ujao atakuja?

3. ORS, ile dawa ya unga ya kukorogea maji kwa anayeharisha. Hapa mnivumilie.

Ilikuwa masika, watoto wanaharisha kila nyumba. Nikafika kwa binti wa rika langu, ana mtoto wa miezi kumi. Nikamshushia somo zima: upungufu wa maji mwilini, chumvichumvi, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, ikifika saa 24 kilichobaki mwaga, zinki miligramu 20 kila siku. "Umeelewa?" "Nimeelewa, daktari." Hilo "daktari" sikulisahihisha, lilikuwa tamu. Nikatia vema kwenye fomu, nikakimbilia kaya inayofuata. Siku ile nilimaliza kaya kumi na tisa, na jioni nikajisifu.

Siku ya tatu nikarudi na WAJA wetu, mama wa makamo. Akapiga hodi, akapewa kigoda, akauliza habari za shamba, za kuku, za mkwe aliyesafiri. Mimi natazama saa. Mwishowe akasema, "Hebu mwanangu, nikorogee ile dawa nami nione."

Binti akaleta kikombe cha chai. Akamimina pakiti nzima, akajaza maji, akakoroga.

Kikombe, madogo. Robo lita. Chumvi makali mara nne ya inavyotakiwa, siku tatu. Mtoto alikuwa anaitema, midomo imekauka, analia bila machozi. Mama akamuuliza taratibu, "Lita ni ipi hapa nyumbani?" Binti akainama. Lita haikuwepo. Kulikuwa na sufuria, ndoo, kopo la kuchotea na vikombe vya chai. Na nani atamuuliza daktari mwenye koti jeupe kwamba lita ndiyo nini?

Tukamkimbiza mtoto kwa bodaboda. Alilazwa siku mbili, akapona. Lakini kinachoniuma mpaka leo ni pale kwenye benchi la zahanati, binti aliponigeukia akasema, "Nisamehe daktari, sikukusikia vizuri." Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Nami nikajibu "usijali", kwa upole kabisa, kana kwamba ninamsamehe. Fomu yangu ilikwisha kwenda wilayani na vema yake: ameelewa.

Njiani kurudi yule mama hakunigombeza. Alitoa kwenye kapu lake chupa mbili tupu za maji, za nusu lita, akanipa. "Hizi mbili ndiyo lita. Na mtu asikwambie ameelewa. Mwambie akukorogee."

4. Zinki ni siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma siku ya pili.

5. Mkikaribishwa uji, kunyweni. Mwenzangu aliuliza kama maji yalichemshwa. Uji, maji yamechemshwa?

6. Picha na watoto wa watu, hapana. Na shikamoo haina mwaka wa masomo.

Jumamosi hii nitakuwa getini saa kumi na mbili na nusu, na ndoo ya maji, pakiti na chupa mbili tupu. Hakuna anayepanda Hiace kabla hajanikorogea. Mwenye koti atakoroga mara mbili.