Aliyetupimia sukari amefariki, na deni langu bado limo daftarini mwake

SWALI: Asalaam aleikum, Shangazi. Hapa kwetu Kibokoni tumefiwa na mzee tuliyemwita Ami. Duka halikuwa lake, aliajiriwa tu, lakini kwa miaka 31 ndiye aliyetupimia sukari, iliki na mafuta ya taa. Ukipungukiwa ulisema "niandikie, Ami", naye akachomoa kalamu ya risasi sikioni. Nje barazani aliweka mtungi wa udongo na kata, hamali wa mikokoteni wapate maji.

Jina langu lina shilingi 480. Nilipokwenda kulipa, mwenye duka akaniambia hanidai: mikopo isiyolipwa ilikatwa mshahara wa Ami kila mwisho wa mwezi, na mwenyewe alikubali. Wallahi sikujua. Nimlipe nani? Tena vijana wanachangisha wachapishe fulana zenye picha yake, na wengine twaona haikai vizuri. Tumkumbuke vipi?
Mama wa watatu, Kibokoni

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Makiwa kwako na kwa mtaa mzima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikamkumbuka muuza duka wetu wa Bondeni. Mwaka 1984, ukame ulipokaza na watu wakawa wanakula mahindi ya manjano, mama alinituma unga na pesa hazikutosha. Mzee yule alikunja gazeti kama pembe, akakaza ncha kwa kidole gumba, akamimina unga, kisha akatia kiganja kimoja juu ya kipimo. Mtu mwingine alipoingia, aliligeuza daftari kifudifudi. Hata leo nauona ule mkono wake juu ya daftari. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hapa Kenya Agosti 2017, wenye maduka waliojua kukunja pembe ile hawakubabaika, nami nilimwombea dua siku hiyo.

Sasa deni lako. Ami alikulipia, kwa hiyo unadaiwa na Ami, si na duka. Na kwa kuwa ametangulia, hizo 480 ni sehemu ya mali aliyoacha. Mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni aliyodaiwa yeye, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawane. Ndiyo sababu nakuomba usimtilie mjane mkononi kimyakimya ukadhani umemaliza. Mjane aliyeachiwa watoto haki yake ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na wengine nao wana mafungu yao. Mtafute anayesimamia mirathi, aghalabu mtoto mkubwa au ndugu wa marehemu, umkabidhi mbele ya shahidi naye aandike. Wakivutana wao kwa wao, Mahakama ya Kadhi iko hapo hapo mjini na kazi yake ni hiyo.

Haidhuru, kwa mjane nenda. Yumo edani miezi minne na siku kumi, na wewe ni mwanamke mwenzake, hakuna wa kukuzuia kuingia ukaketi naye. Mweleze aliyokwambia mwenye duka. Huenda hakujua kwa nini mshahara wa mumewe ulikuwa ukifika nyumbani umepungua, na ni haki yake kulisikia jambo hilo kwa mtu aliyefaidika nalo.

Walioandikwa wengine je? Mwombe mwenye duka daftari, mtu mmoja mwenye haya apite nyumba kwa nyumba, kila mtu aonyeshwe mstari wake tu. Msilisome barazani. Asiye na kitu awaombe warithi wamsubiri au wamsamehe. Kusamehe ni juu yao, si juu yenu majirani.

Fulana siipendi, nasema wazi. Baada ya mwaka itakuwa dekio, na uso wa mzee wenu utapita sakafuni. Vijana msiwavunje moyo, maana wamempenda na wanatafuta pa kuupeleka upendo wao. Waulizeni hivi: tangu Ami azikwe, nani amejaza mtungi? Kama umekauka, mchango wenu uende hapo. Nunueni kata mpya, mlipeni muuza maji alete mitungi miwili ya lita 20 kila asubuhi, na vijana wagawane zamu za kuusugua ndani usiote ukungu. Hiyo ni sadaka inayomfikia kila hamali akinywa. Hitima ya arubaini someni, na hamali waalikwe nao, wakae mkekani pamoja na wenye nyumba.

Na wewe, mwanangu, ukienda chukua bahasha mbili. Ya kwanza tia 480 kamili, ndilo deni, isizidi wala isipungue. Ukiwa na cha kuongeza, kitie katika ya pili, useme ni sadaka yako.