Saraka ya mtandao ipo, mbona watu hawaioni?

SWALI: Nasimamia kompyuta katika ofisi ya watu 120. Tunatumia Active Directory, saraka ya Microsoft inayotunza akaunti za watu na kompyuta za ofisi, na haina shida, lakini wenzangu wanaijua kwa jambo moja tu: kuwadai wabadilishe nenosiri. Mkurugenzi ameniuliza inatufaa nini. Nifanyeje waione faida yake?

JIBU: Pole, ndugu. Saraka isiyosumbua haina wa kuisifu. Ila nahisi umeifanya daftari la kufuli: jina, nenosiri, kikundi, basi. Chimbuko lake si hilo. Kiwango cha saraka kiitwacho X.500 cha mwaka 1988, na LDAP iliyofuata miaka ya 1990 kama njia nyepesi ya kukifikia, vililenga mtu aweze kumpata mwenzake: cheo, simu, chumba, barua pepe. Nafasi hizo zimo kwenye seva yako. Fungua akaunti yoyote utazame sehemu za simu, idara na msimamizi. Nitashangaa ukikuta hata nusu zimejazwa.

Anzia hapo, na usijaze kwa mkono. Waombe watu wa utumishi orodha, igeuze faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), uiingize kwa skripti ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows. Halafu mkubaliane kuwa mtu akihama au akipanda cheo, taarifa inatoka kwao. Msipokubaliana, baada ya miezi michache anayemtafuta mhasibu atapokelewa na stoo, na mtu akishapotoshwa na saraka mara mbili, harudi tena.

Tafadhali usijenge tovuti mpya ya kutafutia watu. Nimewahi kuijenga, mgeni wake mkuu nilikuwa mimi. Peleka taarifa pale macho yalipo tayari.

Mimi ningeanza na mashine ya fotokopi. Angalia watu wanavyotuma hati walizoskani: mtu amesimama, anabonyeza anwani herufi moja moja kwenye kioo kidogo, anasahau nukta, hati haifiki. Mashine nyingi za ofisi zinajua kuuliza saraka kwa LDAP. Itengenezee akaunti ya kusoma tu, iandikie anwani ya seva, na utumie mlango (port) wa 636 wenye usimbaji, si 389. Kesho yake mtu anaandika «mwa», majina matatu yanashuka pamoja na idara zao, anagusa moja, kazi imekwisha. Simu za mezani za IP nyingi nazo zinaweza hivyo hivyo, na programu ya barua pepe pia.

Vikundi vina faida yake: mfanyakazi mpya akiingia siku ya kwanza akakuta folda za idara na printa ya ghorofa yake zimeshajipanga kwa Group Policy, yaani mipangilio ambayo saraka huituma kwenye kompyuta, hakusumbui. Lakini hilo huonekana kwa wageni tu.

Angalizo moja: kwa mpangilio wake wa kawaida, Active Directory humruhusu kila aliyeingia kusoma sehemu kubwa ya taarifa za wenzake. Namba za simu binafsi na tarehe za kuzaliwa zisiingie humo.

Na mkurugenzi usimwandikie ripoti. Mashine ikishakuwa tayari, mpe karatasi akaiskani mwenyewe, aandike herufi tatu za jina lake.