Jibu: Kijana wa kidato cha pili kushindana na watu wazima

Dada wa Uyole, Mbeya, umeuliza kama mwanao apeleke hadithi yake fupi kwenye shindano la mtaa wakati watu wazima nao wanashiriki, na kama umsahihishie kwanza. Apeleke! Waulize waandaaji kama vijana wana kundi lao. Kama hawana, waombe watenganishe, maana mtu wa miaka 40 na mtoto wa 15 hawasomwi kwa jicho moja.

Kusahihisha, hapana. Tahajia na alama za uandishi muonyeshe, arekebishe mwenyewe, lakini sentensi zake usiziguse. Huku Iringa nasoma sana kazi za vijana, na iliyopitiwa na mzazi hujulikana mapema: inanyooka kama insha ya mtihani na kuishia na funzo. Mwambie aandike anachokiona: baridi ya Julai, mama wa soko la Mwanjelwa anavyopanga viazi kwenye ndoo, vikubwa juu, vidogo chini. Jaji akiiona hiyo ndoo, atafungua ukurasa wa pili.

Akimaliza akusomee kwa sauti. Anapojikwaa ndipo pa kukata. Na asizidishe idadi ya maneno waliyoweka, wengi huondolewa hapo tu.