Wasomaji Wanauliza: Ngumi za Sinema, Kofi la Will Smith na Vedeti Anayeomba Pesa

Sisi ni vijana wa Birere, Goma, tunapiga filamu kwa simu. Kwa Jackie Chan kila ngumi inauma hata anayetazama. Zetu watu wa kartie wanazicheka, eti mkono haukumfikia mtu. Tunakosea wapi?

Kwanza kabisa, mahali pa kusimamisha simu. Mkipiga picha kutoka ubavuni, uwazi kati ya ngumi na shavu unaonekana wote. Simameni nyuma ya bega la anayepiga, au la anayepigwa, ili ngumi na uso vikae mstari mmoja na lenzi. Hapo ngumi inaweza kupita shibiri nzima mbele ya kidevu na mtazamaji asijue. Tena msikae karibu. Lenzi pana ya simu ikiwa karibu inatanua umbali. Rudini nyuma hatua tano au sita, mtumie lenzi ya 2x, ile inayosogeza picha mara mbili, kama simu inayo. Kuvuta kwa vidole kwenye simu ya lenzi moja kunaleta chengachenga tu.

Kisha mwangalieni anayepigwa, maana kazi kubwa ni yake. Kichwa kigeuke upande ule ule ngumi inakoelekea, bega lifuate, miguu iwe ya mwisho. Makosa tunayoyaona mara nyingi ni mawili: anafumba macho na kuanza kuanguka kabla ngumi haijafika, au kichwa kinakwenda kinyume. Dawa yake ni kutazamana machoni kabla ya kurusha, na kurudia pole pole, nusu ya mwendo, mpaka wote wawili waache kufikiri. Siku ya kupiga picha nendeni robo tatu ya mwendo. Mwendo kamili hauhitajiki.

Sauti irekodiwe peke yake, baadaye. Taulo lililolowa likipigwa kwenye begi la ngozi linatoa ngumi nzuri, na bua bichi la muhindi likivunjwa karibu na simu linatoa mfupa. Iwekeni sauti pale kichwa kinapoanza kugeuka. Ikitangulia hata kidogo, watu wanacheka tena.

Ujanja wa Jackie Chan mwenyewe uko kwenye kukata picha. Anapobadilisha pembe katikati ya pigo, anarudisha nyuma picha mbili tatu, kwa hiyo jicho linaliona pigo mara mbili bila kujitambua. Simu ikirekodi picha 30 kwa sekunde, picha tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Zidisheni hapo na itaonekana kama video imekwama.

Damu: chemsheni sukari na maji mpaka iwe nzito, mkoroge rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo sana. Bila kakao, kwenye simu inaonekana kama jemu. Na haitoki kwenye shati jeupe, kwa hiyo msiazime shati la mtu.

La mwisho ni chini. Goma ni mawe ya volkano kila mahali, na jiwe hilo linachana goti hata la mtu aliyeteleza tu. Mtu akianguka, pigeni picha kuanzia kiunoni kwenda juu, godoro liwe chini. Hata wakubwa wanaumia: tarehe 26 Julai 1982, huko Bangalore, Amitabh Bachchan alikosea hesabu ya kuruka kwenye pigano la filamu Coolie, ukingo wa meza ukamwingia tumboni, akakaribia kufa. Filamu ilipotoka mwaka 1983, picha ilisimamishwa pale pale, na maandishi yakaeleza kwamba ndilo pigo lenyewe.

Tunabishana hapa Kadutu, Bukavu. Je, Will Smith alinyang'anywa Oscar baada ya lile kofi? Na alikuwa na haki?

Hakunyang'anywa. Alimpiga mchekeshaji Chris Rock kwenye sherehe ya Oscar tarehe 27 Machi 2022, na usiku huo huo akapokea tuzo ya mwigizaji bora kwa King Richard. Tarehe 1 Aprili alijiuzulu mwenyewe uanachama wa Akademi, chama kinachotoa Oscar. Tarehe 8 Aprili Akademi ikamfungia miaka 10 asihudhurie sherehe zake. Kuteuliwa tena anaweza, ila ukumbini haingii.

Haki hakuwa nayo. Mzaha wa Rock juu ya kichwa cha mke wake Smith, mwenye ugonjwa wa kupukutika nywele, ulikuwa mbaya, sawa. Lakini anayekubali mzaha ulipwe kwa kofi asilalamike siku mchekeshaji wa kartie yake atakapopigwa na mwenye bar. King Richard endeleeni kuitazama, ameigiza vizuri mno.

Mimi ni mama, niko Kamalondo, Lubumbashi. Mwigizaji maarufu wa Nigeria amemwandikia binti yangu Facebook: aende kucheza filamu Lagos, ila kwanza atume dola 50 za dosye kwa Airtel Money. Ukurasa una tiki ya bluu.

Mama, asitume hata franga moja. Mwenye filamu ndiye anayemlipa mwigizaji. Anayedai pesa ya dosye, ya viza au ya "usajili" anatafuta pesa, hatafuti mwigizaji. Tiki ya bluu nayo siku hizi inauzwa kwa mwezi.

Mfungue ukurasa huo pamoja, mwende sehemu ya maelezo, mtafute uwazi wa ukurasa. Hapo panaonyesha tarehe ulipoundwa, majina uliyowahi kuitwa, na mara nyingi nchi wanakokaa wanaouendesha. Ukurasa ulioanza kama duka la viatu kisha ukageuka kuwa vedeti, umeshajisema. Wakijitolea kupiga simu ya video, binti amwambie huyo mtu ageuze uso pembeni na apitishe kiganja mbele ya pua. Video iliyorekodiwa haimtii mtu, na sura ya kubandikwa na kompyuta mara nyingi inaharibika hapo.

Kama pesa imeshaondoka, pigieni mtandao dakika hiyo hiyo. Wakati mwingine wanaweza kuizuia ikiwa bado haijatolewa kwenye kabini. Na asije mtu akamwomba binti namba ya siri ili "amrudishie": huyo ni mwizi wa pili, mara nyingi rafiki wa wa kwanza.

Nimeona filamu Lumumba ya Raoul Peck. Elisabethville yao haifanani na Lubumbashi yetu. Kwa nini? (Mwanafunzi, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Kwa sababu Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ya kwenye filamu hiyo siyo Lubumbashi. Filamu ilitoka mwaka 2000, vita ikiendelea nchini, ikapigwa Zimbabwe na Msumbiji. Hata aliyemcheza Lumumba, Eriq Ebouaney, amezaliwa Ufaransa kwa wazazi wa Kameruni, na kwa maoni yetu hakuna aliyemcheza vizuri kumshinda. Filamu Congo ya mwaka 1995, yenye masokwe, sehemu ya msitu wake ni ya Costa Rica. Kinyume chake, The African Queen ya mwaka 1951 ilipigwa kweli Kongo, upande wa Ponthierville, Ubundu ya leo, na Uganda pia. Ila pale waigizaji wake wakuu, Bogart na Hepburn, wanapoingia majini, hayo ni maji ya studio, London.

Ukitaka kujua filamu yoyote ilipigwa wapi, usizime majina yakianza kupanda. Mahali huandikwa karibu na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya orodha ya nyimbo.