Jibu: Unga mweupe kwenye redio ya zamani

Mkuu, umeuliza kama petroli itatoa ule unga mweupe ulioganda kwenye springi zinazoshika betri za redio ya marehemu baba yako. Weka petroli mbali kabisa. Unga ule ni chumvi ya betri zilizovuja, hauyeyuki ndani ya petroli, na plastiki ya zamani inaweza kuharibika.

Kwanza soma ganda la betri zilizovuja. Kama ni za alkalini, kilichotoka ni hidroksidi ya potasiamu, yaani alkali, na dawa yake ni asidi hafifu: siki nyeupe au maji ya limau. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni ni kinyume, majimaji yake yana asidi, kwa hiyo tumia bikabonati ya soda iliyokorogwa na maji kidogo. Wengi husema siki inafaa kwa zote. Mimi sikubaliani nao.

Vaa glavu na ulinde macho, alkali inaunguza. Kwangua unga mkavu kwanza, kisha tumia pamba yenye unyevu tu. Usimimine, maana maji yakifika kwenye bodi ya saketi ndani ya redio umeongeza kazi. Pangusa kwa maji safi, malizia na spiriti, acha ikauke kabisa. Msasa upitishe kwenye springi kwa mkono mwepesi sana. Ukimaliza ule utando wa nikeli wa juu, chuma kitashika kutu haraka.

Waya uliogeuka kijani ndani ya mpira wake ukate na kulehemu mwingine, kwa sababu risasi ya kulehemu haishiki vizuri hapo. Na redio ikikaa bila kutumika, toa betri.