Mtandao wa vijana wa Kiyahudi duniani: anza na anachohitaji mwenzako

Vijana huniuliza mara kwa mara wafanye nini ili waingie kwenye mitandao ya viongozi vijana wa Kiyahudi, au waanzishe wao wenyewe. Karibu wote huanza na mkutano: ufanyike mji gani, nani aalikwe kuzungumza, nani atalipia tiketi. Mimi huwaambia mkutano ni jambo la tatu au la nne. La kwanza ni kujua mwenzako aliye mji mwingine amekwama wapi, ukamsaidia kabla hujamwomba chochote.

Undugu ni kufaana, si kufanana. Kwa Wayahudi wa leo sijaona kauli inayotufaa kuliko hiyo, maana kufanana hatufanani. Kuna mwenzangu wa Buenos Aires ambaye sinagogi anaiona kwenye harusi tu. Kuna wa Brooklyn anayesali mara tatu kwa siku, na chakula asichojua kimepikwa wapi hakigusi. Nami nimezaliwa Mbale, mashariki mwa Uganda, katika jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, nikakulia Nairobi. Ukitafuta kinachotufananisha utachoka. Ukiuliza nani anaweza kumfaa nani, kazi inaanza siku hiyo hiyo.

Kwa nini mtandao wenyewe unahitajika? Wayahudi duniani ni takriban milioni 15, na zaidi ya asilimia 80 wako Israel na Marekani. Waliobaki wametawanyika katika nchi nyingi, mahali pengine familia chache tu. Kijana wa Nairobi anaweza kuwa na wazo zuri la shule au la teknolojia akakosa hata watu watano wa rika lake wa kulijadili nao. Nairobi ina sinagogi, na jumuiya yake imekuwapo tangu 1904, lakini ni ndogo, na vijana wengi wakimaliza masomo huondoka.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1924 wanafunzi wa Kiyahudi waliunda umoja wao wa dunia, wakati ambapo baadhi ya vyuo vikuu vya Ulaya vilikuwa vimeweka kikomo cha idadi ya Wayahudi wanaopokelewa, na vijana wengi walilazimika kwenda kusoma nchi za watu. Aliyekuwa mbele katika kuuanzisha ni Hersch Lauterpacht, mwanafunzi wa sheria ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanasheria wakubwa wa sheria za kimataifa. Albert Einstein alikubali kuwa rais wa heshima. Naupenda mfano huu kwa sababu shida waliyokuwa nayo ilikuwa wazi: nafasi ya kusoma, mahali pa kulala, chakula. Walikutana kwa sababu walihitajiana.

Siku hizi ipo mitandao mingi na kila mmoja una namna yake. ROI Community ilianzishwa 2005 na Lynn Schusterman, mfadhili wa Tulsa, Oklahoma. Imewaleta pamoja wabunifu na wanaharakati walio katika miaka ya ishirini na thelathini, na mkutano wake mkubwa umekuwa ukifanyika Jerusalem. Moishe House ilianza 2006 Oakland, California: vijana wanakaa nyumba moja, wanasaidiwa kodi, na wao wanaandaa mlo wa Sabato, masomo na sherehe kwa vijana wenzao wa mji huo. Limmud, yaani mikusanyiko ya kujifunza mambo ya Kiyahudi, ilianza Uingereza 1980, inaendeshwa na watu wa kujitolea, na profesa na mwanafunzi wote huhudhuria kama wanafunzi. Ukiniuliza nianze kuiga upi, nitakwambia Moishe House, kwa sababu nyumba yenye watu watatu na meza ya Sabato Ijumaa jioni haihitaji kusubiri mfadhili mkubwa. Unaweza kuanza na sebule uliyo nayo.

Lakini mfano ninaoutumia zaidi ninapofundisha ni wa kwetu Mbale, na ni wa kahawa.

Wakulima wa vilima vile, Wayahudi, Waislamu na Wakristo, walikuwa wakiuza kahawa yao kwa bei ya kutupa. J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa jamii yetu, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na akayaona mashambulizi kwa macho yake. Aliporudi alikuwa na wazo la kuwaleta majirani wa dini zote tatu kwenye ushirika mmoja. Mwaka 2004 akapita nyumba kwa nyumba akiwashawishi, na ushirika ukapewa jina Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Sasa angalia mtandao ulivyofanya kazi. Kulanu, shirika la Marekani linalosaidia jamii za Kiyahudi zilizotawanyika, lilikuwa linaifahamu jamii yetu tangu miaka ya 1990. Mratibu wake akashika simu, akapigia kampuni za kahawa moja baada ya nyingine, hadi Thanksgiving Coffee ya Fort Bragg, California, ikakubali kununua.

Hakukuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Kulikuwa na mkulima mwenye wazo, na mtu wa mbali aliyekuwa na simu, lugha ya wanunuzi na subira ya kukataliwa. Watu wawili wa namna hiyo wakikutana, mtandao upo. Kwa hiyo unapomfahamu mtu mpya, usiishie kumuuliza anafanya kazi gani. Muulize: ni simu gani moja ambayo ikipigwa na mtu wa huku kwetu ingekusogeza mbele? Kisha ipige wiki hiyo hiyo. Nimekuwa nikifanya hivi kwa miaka, na watu ambao leo wananipokelea simu usiku ni wale ambao siku ya kwanza niliwatafutia kitu kidogo: mwalimu wa Kiebrania wa mtandaoni, jina la wakili, mtu wa kuwapokea Entebbe.

Maarifa nayo husafiri vivyo hivyo. Anne Heyman, mwanasheria aliyezaliwa Afrika Kusini na kuishi New York, alipofahamu wingi wa mayatima walioachwa na mauaji ya kimbari ya Rwanda, alikumbuka kwamba Israel nayo ilikuwa na mayatima wengi baada ya mauaji ya Wayahudi Ulaya, ikawajengea vijiji vya vijana. Akakitazama kijiji cha Yemin Orde, karibu na Haifa, kilichoanza 1953, na mwaka 2008 kijiji cha Agahozo-Shalom kikafunguliwa Rwamagana, nchini Rwanda. Miongoni mwa waliokuja kusaidia mwanzoni walikuwa vijana Waisraeli wenye asili ya Ethiopia waliolelewa Yemin Orde. Hao hawakuhitaji kueleza kwa maneno mengi maana ya kuanza maisha upya.

Kuhusu fedha, nitasema kwa uzoefu: toa kidogo na utoe haraka. Kijana anayetaka kukodi ukumbi kwa ajili ya Pasaka ya Kiyahudi hawezi kusubiri miezi minne kamati ikae. Wekeni mfuko mdogo, fomu ya ukurasa mmoja, watu wawili wa kuamua, na jibu ndani ya wiki. Ripoti iwe picha mbili na aya moja. Na kwa huku kwetu, tuma kwa simu inapowezekana. Dola mia mbili zikipitia benki tatu, makato yanazila njiani, na anayepokea anaona aibu kusema hazikutosha.

Kuna mambo ya ratiba ambayo ukiyapuuza mtandao wote utavunjika taratibu bila mtu kusema kitu. Sabato huingia Ijumaa jua linapozama. Mbale jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, hivyo sisi tunaijua saa ya kuingia Sabato bila kutazama kalenda. London ni tofauti kabisa: Desemba Sabato huingia kabla ya saa kumi jioni, na Juni huingia saa tatu usiku. Kikao cha Ijumaa mchana kinachomfaa mtu wa Nairobi kinamkuta wa Melbourne ameshawasha mishumaa na kuzima simu. Jumamosi usiku nayo haifai, kwa sababu Los Angeles bado ni asubuhi ya Sabato. Sisi tulikuja kutulia kwenye Jumapili saa kumi na moja jioni ya Nairobi: Jerusalem watu hawajachoka sana, New York ni asubuhi, Los Angeles wanaamka mapema kidogo. Anayeumia ni wa Melbourne, kwake ni saa sita au saa saba usiku. Basi kila kikao cha tatu tunageuza saa ili wengine nao waamke alfajiri. Msidharau jambo hili. Mtu anayeombwa kila mara kukesha anaelewa kwamba nafasi yake ni ya pembeni.

Chakula kiandaliwe kwa sheria ya kosha, yaani sheria ya Kiyahudi ya chakula, iliyo kali zaidi kati ya waliopo, kwa sababu asiyeshika sheria hapotezi kitu akila kosha, ila anayeishika akikosa chakula amefukuzwa mezani. Sala ni ngumu zaidi. Wapo wanaohesabu wanaume kumi tu ndipo sala ya jamaa ifanyike, na wapo wanaohesabu wanawake pia. Usijaribu kulimaliza suala hilo kwenye mkutano wa siku tatu. Tenga vyumba viwili vya sala, weka saa moja ya kuanza, na meza moja ya kulia baadaye.

Sasa nizungumze jambo lililo karibu na moyo wangu. Vijana wa jamii ndogo, hasa sisi wa Afrika, tukialikwa mara nyingi tunapewa dakika kumi za kusimulia historia yetu: jinsi Semei Kakungulu, aliyekuwa mtawala na kamanda wa vita, alivyoshika dini ya Kiyahudi 1919, jinsi Idi Amin alivyopiga marufuku ibada na wazee wetu wakasali kwa siri. Ni historia ninayojivunia na nitaisimulia hadi niwe bibi. Lakini ukimwita mtu kuja kusimulia tu, kisha wengine wakakaa kuamua bajeti, umemfanya mgeni wa kudumu. Mpe kazi. Mweke kwenye kamati ya fedha, mpe darasa la kufundisha. Ikumbukwe kwamba waliosimamisha tena jamii yetu miaka ya 1980, baada ya Amin, walikuwa vijana. Gershom Sizomu na Keki walikuwa miongoni mwao, wakiishi na kulima pamoja kwenye kilima cha Nabugoye. Sizomu baadaye alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Mtu wa namna hiyo ana mengi ya kuwafundisha vijana wa miji mikubwa kuhusu kuongoza bila fedha.

Na kama wewe ndiye mwenyeji, wakanye watu wako mapema wasimuulize mgeni kama kweli yeye ni Myahudi. Suala la kutambuliwa kwa jamii kama yetu bado lina mvutano Israel, na wanaolibeba ni watu wenye sura na majina. Mtu hawezi kujenga chochote na wewe ikiwa kila asubuhi anaanza kwa kujitetea.

Tangu tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israel, na vita vya Gaza vilivyofuata, nimeona makundi yakivunjika na mengine yakisimama. Yaliyosimama hayakuwa yenye msimamo mmoja. Yalikuwa na watu waliokwisha kusaidiana, hivyo mmoja alipoandika jambo lililomuumiza mwenzake, mwenzake alimpigia simu badala ya kumjibu mbele ya watu mia. Sheria tuliyojiwekea ni hiyo hiyo: lenye maumivu halijibiwi kwa maandishi, linapigiwa simu. Na kwenye kumbukumbu za vikao tunaandika hata maoni ya waliozidiwa kura, kama Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inavyofanya, kwa sababu anayeona maoni yake yameandikwa hana haja ya kuondoka ili asikike.

Mkisha kuwa na haya, itisheni mkutano. Hapo anza na viza kabla ya mada. Barua ya mwaliko itoke angalau miezi mitatu kabla, na iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, anwani ya malazi, nani analipa nini, na namba ya simu ya mtu aliye macho. Mwenzetu mmoja alizuiwa uwanja wa ndege usiku akiwa na kila karatasi, ila namba ya mwenyeji iliita bila kupokelewa mpaka asubuhi. Aliyepewa simu hiyo alikuwa amelala. Tangu wakati huo tunapanga zamu za simu kama za wauguzi, watu wawili kwa kila usiku wa kuwasili, na majina yao yanaandikwa kwenye barua.

La mwisho ni umri. Mtandao wa vijana unazeeka na walioujenga, na wengi hawataki kutoka. Wekeni ukomo mapema, kabla hajafika mtu wa kwanza, ili usionekane umewekwa dhidi ya fulani. Anayefika ukomo akabidhi daftari la watu: nani yuko mji gani, anaweza kusaidia nini, na mara ya mwisho alisaidiwa nini na nani. Kisha aketi na mrithi wake siku nzima, wapige simu pamoja kwa watu wa kwenye daftari, mmoja mmoja, ili kila mmoja aisikie sauti mpya ikitambulishwa na ile anayoiamini.