Siku mbili Iringa kwa mpenda karatasi

Dada, pole na uchovu. Una siku mbili tu, unatokea Dodoma, na kadi zako za karatasi ya kutengeneza nyumbani zinapasuka ukizikunja. Nenda Iringa. Neema Crafts, karakana iliyoanza 2003 na kuajiri watu wenye ulemavu, inajulikana kwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Piga simu kwanza, uulize kama utaruhusiwa kuona kazi.

Kuhusu kupasuka, nahisi unasaga mno karatasi za ofisi, nyuzi zinakatika. Changanya na maganda ya mahindi yaliyochemshwa hadi yakalainika, kisha yatwange kwenye kinu. Ukizamisha fremu yenye wavu kwenye beseni la rojo hilo, inyanyue taratibu huku ukiitikisa kushoto kulia. Hapo ndipo nyuzi hushikana, na utaona rojo likitulia kama uji ulioganda. Kabla ya kukunja, chora mstari kwa ukucha.

Wengine huchemshia maganda hayo kwa soda kali (caustic soda). Hiyo inaunguza: vaa glavu na miwani, na ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi uwahi hospitali.

Jioni panda jiwe la Gangilonga, mji wote unauona chini. Beba sweta, hasa Juni na Julai. Karatasi utakazonunua zilaze katikati ya maboksi, usizikunje kwenye begi.